Neno Linalosubiri Msiba

Alfajiri ya tarehe 20 Juni 1837, Askofu Mkuu wa Canterbury na Lord Conyngham wa nyumba ya kifalme walifika kwenye jumba la Kensington, London, wakaomba binti wa miaka 18 aamshwe. Baba yake mkubwa, Mfalme William wa Nne, alikuwa amefariki Windsor usiku ule. Victoria alishuka peke yake, amejitupia joho juu ya nguo za kulalia, akaambiwa kwamba sasa yeye ndiye Malkia.

Tangazo rasmi lililomtambulisha kwa taifa halikuishia hapo. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema, kwa maana yake, kwamba Victoria ni Malkia, ila haki ya mtoto yeyote wa marehemu Mfalme atakayezaliwa na mjane wake imehifadhiwa. Mjane huyo, Malkia Adelaide, alikuwa na miaka 44, na hakuwa amebaki na mtoto hata mmoja. Hakuna aliyetarajia mimba. Lakini sheria haikuthubutu kukisia. Kama Adelaide angejifungua ndani ya miezi iliyofuata, Victoria angeteremka kwenye kiti na kumpisha mtoto mchanga.

Kwa msomaji wa Lamu, Tanga au Unguja, jambo hili si geni. Mjane mwenye mimba hukaa eda mpaka ajifungue, na kadhi anapogawa mirathi huweka kando fungu la aliye tumboni, maana hajulikani kama ni mmoja au pacha, wa kiume au wa kike. Wanasheria wa Malkia Victoria walikuwa wakifanya hesabu ya namna hiyohiyo, ila mali yenyewe ilikuwa ufalme.

Kifungu kile kilizaliwa na neno moja fupi, lenye herufi nne, ambalo Waingereza wamelibeba kwa zaidi ya miaka 700: "heir".

Shina: mjane na yatima

Kamusi hulitafsiri kuwa "mrithi", na tafsiri hiyo ni sahihi. Ila maneno haya mawili yametoka mbali tofauti. "Mrithi" limetokana na Kiarabu, pamoja na ndugu zake urithi, mirathi na warithi. "Heir" limetoka kwenye Kilatini cha Warumi, "heres", likapita Ufaransa kabla ya kuvuka bahari kwenda Uingereza. Ndiyo maana H yake haitamkwi. Wafaransa walikuwa wameshaiacha zamani, wakairudisha kwenye maandishi tu kwa heshima ya Kilatini. Mwingereza akilitamka neno hili, sikio halilitofautishi na neno lake la hewa.

Wataalamu wa asili ya maneno hulifuata "heres" nyuma zaidi, hadi kwenye shina la kale lenye maana ya kuwa mtupu, kuachwa nyuma. Shina hilohilo, wanasema, ndilo lililowapa Wagiriki neno lao la mjane, "chera". Kwa hiyo mrithi na mjane ni watoto wa mama mmoja katika lugha. Wote wawili ni watu walioachwa.

Kabla ya Kifaransa kuingia, Waanglo-Saksoni walikuwa na neno lao wenyewe. Urithi waliuita "yrfe", neno lililobeba pia maana ya mifugo, kwa sababu mali ya mkulima wa siku zile ilikuwa na kwato. Mrithi aliitwa "yrfeweard", yaani mlinzi wa urithi. Neno hilo lina undugu na "Erbe" la Wajerumani wa leo, na ukilifuata hadi kwenye mzizi wake unakutana na Kigiriki tena, safari hii na "orphanos", yatima.

Njia ni mbili, kutoka lugha mbili zilizokuwa hazionani, na zote zinafikia matanga. Waliolitunga neno la mrithi hawakumtazama mtu anayepokea mali. Walimtazama mfiwa. Maana hiyo ya kale ndiyo iliyokuja kuwasumbua wafalme wa Uingereza kwa karne nyingi, kwa sababu kila mfalme alitaka mrithi wake ajulikane yeye mwenyewe akiwa bado anapumua.

871 hadi 1066: wana wa ukoo

Wafalme wa Waanglo-Saksoni hawakuwa na mrithi mmoja aliyepangwa tangu kuzaliwa. Walikuwa na "ætheling", mtu wa damu ya kifalme anayefaa kutawala. Ætheling wangeweza kuwa watatu, wanne, hata kumi kwa wakati mmoja. Mfalme alipokufa, wakubwa wa nchi walikaa wakamchagua miongoni mwao yule ambaye nchi ilimhitaji.

Mwaka 871 Mfalme Æthelred wa Wessex alifariki na kuacha watoto wadogo wa kiume. Waviking walikuwa wamekwishaingia nchini na mapanga yao. Hakuna aliyefikiria kumweka mtoto kwenye kiti. Walimchukua mdogo wa marehemu, Alfred, ambaye historia ilikuja kumwita Alfred Mkuu. Mpango huo ulikuwa na busara yake, na pia ulikuwa na deni lake: Alfred alipokufa mwaka 899, Æthelwold, mmoja wa wale watoto walioachwa, alikuwa ameshakuwa mtu mzima, akaasi kudai kiti cha baba yake.

Wa mwisho kulibeba jina hili kwa uzito wake wote alikuwa Edgar Ætheling. Alikulia uhamishoni, baba yake akiwa amekimbizwa hadi Hungary, na aliletwa Uingereza mwaka 1057 akiwa mtoto. Edward Muungamaji alipofariki mwanzoni mwa Januari 1066 bila mtoto, Edgar alikuwa na umri wa miaka kama 14. Kwa damu hakuna aliyemshinda. Lakini wakubwa walimpa taji Harold Godwinson, mtu wa vita, kesho yake tu, maana maadui walikuwa wakijiandaa pande mbili za bahari.

Harold aliuawa Hastings tarehe 14 Oktoba. Hapo ndipo London ilipomkumbuka kijana Edgar na kumtangaza mfalme, lakini taji halikumfika kichwani. Siku ya Krismasi alivikwa William wa Normandia. Edgar aliendelea kuishi miaka mingi, akishindwa huku na kusamehewa kule, akiwa ætheling wa nchi isiyokuwa na kazi tena na ætheling.

1120: mashua nyeupe

Wanormandia walileta mahakama zao, na mahakama zao ziliongea Kifaransa. Maneno ya ardhi na mali yakabadilika yote kwa pamoja: "heir", "inherit", "heritage", "estate". Mkulima aliendelea kufuga ng'ombe kwa lugha ya mama yake, ila aliyetaka kudai shamba mbele ya hakimu alilazimika kulidai kwa lugha ya bwana wake.

Pamoja na neno kulikuja mpangilio. Ardhi ilitolewa na mfalme kwa sharti la askari farasi: eneo kiasi fulani, mpiganaji mmoja. Ukiligawa eneo hilo kwa watoto watano, hakuna hata mmoja atakayeweza kumlisha farasi wa vita. Taratibu ikawa desturi kwamba ardhi yote iende kwa kifungua mimba wa kiume, na wadogo zake wajitafutie kanisani au vitani. Neno "heir" likaanza kubana. Lilikuwa linaweza kuwa la wengi. Sasa likawa la mmoja.

Hatari ya kumtegemea mmoja ilionekana usiku wa tarehe 25 Novemba 1120. Mfalme Henry wa Kwanza alikuwa akirudi Uingereza kutoka Normandia. Mwanawe William alipanda chombo kingine, kipya na chenye kasi, kilichoitwa White Ship, kutoka bandari ya Barfleur. Waliokuwamo walikuwa karibu 300, wengi wao vijana wa nyumba kubwa. Mvinyo ulikuwa umemiminwa kwa abiria na mabaharia vilevile. Nje kidogo ya bandari, gizani, chombo kiligonga mwamba.

Waandishi wa wakati ule wanasimulia kwamba William alikuwa ameshawekwa kwenye mashua ndogo na angeokoka. Akasikia sauti ya dada yake wa kambo ikimwita kutoka kwenye chombo kinachozama, akaamuru warudi. Waliokuwa majini wakaing'ang'ania mashua ile kwa wingi mpaka ikazama. Aliyekutwa hai asubuhi alikuwa mchinja nyama wa Rouen, ameshikilia mlingoti.

William yule aliitwa Adelin, ambalo ni "ætheling" katika kinywa cha Mnormandia. Jina hilo la kale lilizama pamoja naye.

Baba yake alikuwa na watoto wengine zaidi ya 20 wa nje ya ndoa. Babu, yule William aliyeshinda Hastings, alikuwa mwenyewe mtoto wa nje na hilo halikumzuia kutwaa nchi mbili. Vizazi viwili baadaye neno lilikuwa limeshabana kiasi kwamba hakuna aliyewafikiria wale wengine. Alibaki binti mmoja wa ndoa, Matilda. Henry aliwakusanya wakubwa wa nchi na kuwaapisha, mwanzoni mwa 1127, kwamba watamtambua. Mmoja wa walioapa alikuwa Stephen wa Blois, mpwa wake, ambaye usiku ule wa Barfleur alishuka kwenye White Ship kabla haijang'oa nanga kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Henry alifariki tarehe 1 Desemba 1135. Kabla mwezi haujaisha, Stephen alikuwa amevaa taji. Vita vya Matilda na Stephen viliendelea karibu miaka 20, na vikaisha kwa mapatano: Stephen atawale mpaka afe, kisha kiti kiende kwa mwana wa Matilda. Mwaka 1154 mwana huyo akawa Henry wa Pili. Matilda mwenyewe hakutawazwa kamwe.

Karne ya 12 na 13: hakuna mrithi wa aliye hai

Ni katika utawala wa huyo Henry wa Pili ndipo sheria ya Uingereza ilipoanza kuandikwa kwa mpango. Kitabu kinachojulikana kwa jina la Glanvill, cha mwaka 1188 hivi, kinaeleza kwamba mrithi hafanywi na mwanadamu; Mungu peke yake ndiye anayemfanya. Tajiri hawezi kumteua mrithi wa ardhi yake kwa wosia, kwa sababu mrithi ni suala la kuzaliwa, na kuzaliwa si kazi ya karani.

Kanuni ya pili ilikuwa kali zaidi. Mwanasheria alimwambia kijana anayejigamba kijijini kwamba yeye ni mrithi wa baba yake: baba yako yuko hai, kwa hiyo hana mrithi. Neno "heir" lilianza kazi dakika ya mauti, si kabla. Hii ndiyo hoja ambayo wengi wanaolitumia neno hili leo hawaijui. Mtoto hana haki hata ya kipande cha shamba la mzazi anayepumua. Anaweza kufa kabla yake. Mzazi anaweza kuuza. Na hapa pia mwanafunzi wa fiqhi atatikisa kichwa kwa kukubali, maana mirathi ya Kiislamu nayo haifunguki mpaka mwenye mali awe amekufa na mrithi awe hai wakati huo.

Kwa ardhi kanuni hii ilitosha. Kwa kiti cha enzi iliacha shimo. Richard wa Kwanza alipokufa mwaka 1199, ilibidi kuamua kati ya mdogo wake John na Arthur, mtoto wa ndugu yao mwingine aliyekuwa mkubwa kwa John lakini ameshakufa. Je, mtoto husimama mahali pa baba yake marehemu? Watu wa Normandia walijibu hivi, watu wa Anjou vile. John alishinda kwa nguvu, na Arthur, baada ya kutekwa, alitoweka gerezani mwaka 1203.

Mwaka 1272 shimo lilianza kuzibwa. Henry wa Tatu alifariki tarehe 16 Novemba huku mwanawe Edward akiwa Sicily, njiani kutoka kwenye vita vya msalaba. Wakubwa hawakusubiri. Siku nne baadaye walimhesabu kuwa mfalme, bila taji, bila mafuta, bila yeye mwenyewe kuwapo. Alirudi na kutawazwa Agosti 1274, karibu miaka miwili baadaye, na hakuna aliyegusa kiti. Baadaye hata zile siku nne zilifutwa, ikakubalika kwamba mfalme mmoja akikata roho mwingine ameshaanza.

1337 hadi 1399: anayeonekana na anayedhaniwa

Lakini huyo anayesubiri aitwe nani, ikiwa sheria inakataa kumwita mrithi?

Karne ya 14 ilileta jibu kutoka Kifaransa tena: "heir apparent". Neno la pili linatokana na Kilatini cha kuonekana, kudhihirika. Ni mrithi dhahiri: bado si mrithi, ila hakuna mtoto anayeweza kuzaliwa akamtangulia. Kinachoweza kumzuia, ukiondoa Bunge na upanga, ni kifo chake mwenyewe. Karne ya 17 iliongeza mwenzake, "heir presumptive", mrithi wa kudhaniwa. Huyu yumo kwenye nafasi leo, lakini kesho akizaliwa mwingine aliye karibu zaidi anasogezwa. Ndugu wa mfalme asiye na mtoto ni wa aina hii. Binti wa mfalme asiye na mtoto wa kiume pia alikuwa wa aina hii, hata baba yake awe na miaka 80, kwa sababu sheria haikukubali kusema kwamba mwanamume amezeeka kiasi cha kutozaa.

Mrithi dhahiri alipewa na vyeo vya kumkalisha. Mwaka 1301 Edward wa Kwanza alimpa mwanawe Wales aliyokuwa ameiteka, na tangu hapo cheo cha Prince of Wales kikawa cha kijana anayesubiri. Machi 1337 Edward wa Tatu alianzisha utemi wa Cornwall kwa mtoto wake mkubwa, na tofauti yake ni muhimu: Wales hutolewa na mfalme anapopenda, Cornwall humwangukia yenyewe kifungua mimba wa kiume wa anayetawala.

Kijana yule wa 1337 alikuja kuitwa Black Prince, shujaa wa Crécy na Poitiers. Alikuwa mrithi dhahiri kwa miaka karibu 46. Alifariki 1376, mwaka mmoja kabla ya baba yake. Kiti kilikwenda kwa mwanawe wa miaka 10, Richard wa Pili, bila ubishi wa aina ya Arthur na John. Kanuni ilikuwa imekomaa. Lakini haikumwokoa Richard: mwaka 1399 binamu yake alimwondoa, na koo mbili zikabaki na hesabu mbili za nani alitangulia nani.

1460 hadi 1714: Bunge linachukua kazi ya Mungu

Hesabu hizo mbili ziliingia vitani katikati ya karne ya 15. Oktoba 1460 Bunge lilifanya jambo ambalo Glanvill asingelielewa. Lilimwacha Henry wa Sita kwenye kiti, likamwondoa mwanawe wa miaka 7, na kumtaja Richard wa York kuwa mrithi. Mrithi aliyetengenezwa kwa karatasi hakuumaliza mwaka. Aliuawa Wakefield tarehe 30 Desemba.

Henry wa Nane aliirudia kazi hiyo mara tatu. Sheria ya 1534 ilimtoa binti yake Mary na kumweka Elizabeth. Ya 1536 iliwatoa wote wawili. Ya 1544 iliwarudisha kwenye foleni nyuma ya mdogo wao Edward, huku sheria ikiendelea kuwahesabu kuwa watoto wa nje. Wote watatu wakaja kutawala.

Elizabeth alijifunza kutokana na hayo yote. Alikuwa amewahi kuwa yeye mwenyewe mtu wa pili, akaona jinsi wenye njama wanavyomzunguka anayesubiri. Alipokuwa Malkia alikataa katakata kumtaja wa kumfuata, na mwaka 1571 Bunge likapitisha sheria iliyofanya kuwa kosa kuandika au kuchapisha kwamba mtu fulani ndiye mrithi wake. Neno lenyewe likawa hatari kulishika. Alifariki Machi 1603, na James wa Scotland akashuka kusini kuchukua kiti ambacho alikuwa amekisubiri kwa miaka bila kuambiwa waziwazi kwamba ni chake.

Hatua iliyofunga mlango ilikuja 1701. Binti wa mjukuu wa James huyo, Princess Anne, aliyekuwa anayefuata kutawala, alikuwa amepata mimba 17, na mtoto wake wa mwisho kubaki hai alifariki Julai 1700 akiwa na miaka 11. Ndugu wa damu waliokuwa wakifuata walikuwa Wakatoliki, zaidi ya 50. Bunge liliwaruka wote, likamtaja Sophia wa Hanover, mjukuu wa James yuleyule, bibi kizee wa Kiprotestanti huko Ujerumani, pamoja na uzao wake. Mfalme wa Uingereza hadi leo anakaa kwenye kiti kwa nguvu ya sheria hiyo.

Sophia mwenyewe hakukikalia. Juni 1714, akiwa na miaka 83, alikuwa akitembea kwenye bustani ya Herrenhausen mvua ikaanza kunyesha. Akakimbilia mahali pa kujikinga, akaanguka, akafa. Malkia Anne alimfuata baada ya kama miezi miwili. Mrithi wa kudhaniwa alikuwa amesubiri miaka 13 na kukosa kwa majuma. Mwanawe akawa George wa Kwanza.

1856 hadi 1896: Unguja

Kizazi kimoja baada ya Victoria kuamshwa Kensington, neno la Waingereza lilikutana na desturi nyingine kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856. Alikuwa na wana wengi, na nyumba ya Oman haikuwa na sheria ya kifungua mimba. Aliyeweza kukubalika na ukoo, na kuishika nchi, ndiye aliyetawala; kwa namna fulani walikuwa wote ætheling. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid Unguja. Barghash, aliyekuwa safarini na baba yake, alijaribu kuukamata mji usiku ule ule wa kuzika, akashindwa. Mwaka 1861 Lord Canning, gavana wa Waingereza huko India, aliamua ugomvi kwa kuigawa nchi: Maskati kwa mmoja, Unguja kwa mwingine, na Unguja ilipe riale 40,000 kila mwaka.

Baada ya Majid walifuatana ndugu zake, Barghash, Khalifa na Ali. Wana wanne wa baba mmoja, kiti kikipita kutoka kaka kwenda mdogo. Kwa jicho la Mwingereza aliyezoea mtoto kumfuata baba ilikuwa fujo, kwa jicho la mji ilikuwa kawaida.

Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na baada ya hapo Waingereza walishikilia kwamba hakuna Sultani atakayekaa bila ridhaa yao. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia kwenye jumba na kujitangaza. Alikuwa mwana wa Sultani na mjukuu wa Sultani. Alipewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa ilipofika, meza ya mirathi ikawa bahari mbele ya Forodhani: manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja. Jumba la Beit al-Hukm lilibomoka, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, na watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Mchana huohuo alikalishwa Hamoud bin Mohammed, naye mjukuu wa Sayyid Said. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza vitani 1916, akapelekwa uhamishoni, na akafia Mombasa 1927. Haki ni kusema wazi kwamba taifa lililomwekea akiba mtoto ambaye hata hakutungwa mimba halikuwa na subira ya siku tatu na mtu mzima aliyekuwa hai mbele yake.

1936 hadi 1952: juu ya mgumo

Desemba 1936 Edward wa Nane alijiuzulu, mdogo wake akawa George wa Sita, na binti yake wa miaka 10, Elizabeth, akasogea mbele. Elizabeth hakuwa mrithi dhahiri. Alikuwa wa kudhaniwa, kwa sababu wazazi wake wangeweza kupata mtoto wa kiume. Alipokaribia miaka 18, mwaka 1944, ilitangazwa kwamba hatapewa cheo cha Wales. Kila mtu alijua atatawala. Sheria haikujua.

Tarehe 1 Februari 1952 alitua Nairobi na mumewe Philip, wakimwakilisha Mfalme mgonjwa. Walikaa Sagana, kwenye nyumba ambayo koloni la Kenya liliwapa kama zawadi ya harusi. Tarehe 5 walikwenda Treetops, karibu na Nyeri, hoteli ndogo ya mbao iliyojengwa juu ya mgumo, mti ambao kwa Wakikuyu ni mahali pa sala. Hapo, mpaka usiku, walitazama tembo na vifaru wakija kwenye maji na chumvi.

Usiku huo, Sandringham, George wa Sita alifariki usingizini. Hakuna aliyekuwa chumbani, hivyo hakuna ajuaye dakika. Wakati fulani kati ya giza na alfajiri, binti aliyepanda ngazi ya Treetops akiwa mrithi wa kudhaniwa alikuwa ameshakuwa Malkia, na alishuka asubuhi bila kujua. Habari zilimfikia Sagana mchana wa tarehe 6, kwa mdomo wa Philip. Jioni walikuwa njiani kwenda Entebbe, na kutoka hapo London.

Huko Uingereza mtoto wa miaka mitatu, Charles, alikuwa amekuwa mtemi wa Cornwall usiku uleule, kwa kanuni ya 1337. Treetops yenyewe ilichomwa moto na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954.

2011 hadi 2022

Oktoba 2011, wakuu wa serikali za nchi 16 zilizokuwa na Elizabeth kama Malkia walikubaliana Perth, Australia, kwamba mtoto wa kiume asimruke tena dada yake mkubwa. Sheria ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika Machi 2015. Charlotte, binti wa William mwana wa Charles, alizaliwa Mei mwaka huo. Mdogo wake Louis alipozaliwa tarehe 23 Aprili 2018, kwa mara ya kwanza mwana wa kifalme mwenye cheo cha prince alikaa nyuma ya dada yake. Tangu hapo binti aweza kuwa "heir apparent", jambo ambalo maisha yote ya Elizabeth mwenyewe yalilikosa.

Charles alisubiri miaka 70. Tarehe 8 Septemba 2022 Elizabeth alifariki Balmoral, Scotland, na safari hii saa ilijulikana. Cheti cha kifo kinataja saa tisa na dakika kumi alasiri. Tangazo kwa umma lilitolewa saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa saa tatu na dakika ishirini watangazaji wa dunia nzima waliendelea kumwita Charles mrithi wa Uingereza, na mwanawe William mtemi wa Cambridge, huku mmoja akiwa ameshakuwa Mfalme na mwingine ameshaangukiwa na Cornwall, akiwa safarini kumwona bibi yake.